Jinsi ya Kuwazuia Panya Wasiingie Nyumbani Wakati wa Kiangazi

Katika sehemu hii ya Kiswahili wenzangu wamekwisha kuandika habari za mpira, za safari na za vitendawili. Mimi nimechagua jambo dogo lisilo na sifa, nalo ni panya. Huenda wengine watacheka. Lakini kila mwanafunzi aliyetoka milimani kwetu, magharibi ya Nile, karibu na mpaka wa Uganda na Kongo, ajua kwamba panya si mzaha. Hula mbegu, hutoboa magunia, hukata nguo na vitabu, na mara nyingine huleta kifo mlangoni. Mimi nilijifunza habari hizi kwa njia mbaya, yaani kwa kukosea kwanza. Ningependa wenzangu wajifunze kwa njia nyepesi, yaani kwa kusoma.

Kwanza nieleze majira. Katika nchi za Ulaya watu husumbuliwa sana na panya wakati wa baridi kali, theluji inapofunika mashamba. Kwetu hakuna theluji, lakini jambo ni lile lile. Mvua zetu huanza mwezi wa Machi, hupungua kidogo katikati ya mwaka, kisha huendelea hata Novemba. Miezi hiyo panya hupata chakula tele shambani: mahindi, maharagwe, karanga na muhogo. Kisha huja Desemba. Mazao yamevunwa, nyasi zimekauka, watu wachoma moto vichaka, na usiku huko juu milimani ni wa baridi. Panya aliyekuwa akila shambani hana tena chakula wala mahali pa kujificha. Huko nyumbani kuna joto la jiko, kuna paa la nyasi, na kuna kapu la karanga. Ungekuwa wewe panya, ungekwenda wapi?

Mwaka juzi nilirudi nyumbani kwa likizo ndefu katika juma la kwanza la Desemba. Bibi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alinipokea vizuri, akanipa chakula, kisha akaniita chumbani. Chini ya kitanda chake aliweka kapu la karanga za mbegu, za kupanda Machi. Nusu ya karanga hizo zingeuzwa ili kulipa sehemu ya karo yangu. Juu ya kapu mlikuwa na karanga; chini mlikuwa na maganda matupu. Bibi akasema, “Mjukuu wangu, hawa hawakula karanga. Wamekula shule yako.”

Nilikasirika mno. Kesho yake nilikwenda sokoni, nikanunua kwa mchuuzi pakiti moja ndogo ya sumu. Haikuwa na jina, wala maandishi, wala maelezo ya kuitumia. Nilichanganya sumu ile na dagaa, nikaitega pembeni mwa chumba, nikalala nikijiona mtu hodari. Asubuhi ya tatu tulikuta panya sita wamekufa sakafuni, na harufu kutoka paani ikatujulisha kwamba wengine wamefia ndani ya nyasi tusikoweza kufika. Kuku wawili wa bibi walikufa pia, na paka wa jirani. Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka minane, aliwashika wale panya sita kwa mikia yao, akawatupa shimoni huku akiimba. Nami nilimtazama nikicheka.

Bibi aliporudi kutoka kisimani na kuona mambo hayo, hakucheka. Aliuliza, “Nani aliwashika?” Nikamjibu. Akaketi chini, akanyamaza kitambo, ndipo akanisimulia jambo ambalo sikupata kulisikia. Alipokuwa msichana mdogo, panya walianza kuanguka kutoka paani wenyewe, mmoja leo, wawili kesho, wamekufa bila kutegwa. Dada yake mkubwa ndiye aliyefagia nyumba, naye akawafagia nje. Baada ya siku chache alishikwa na homa kali, akatokwa na mtoki mkubwa penye paja, hata asiweze kutembea. Siku ya nne alikufa. Bibi akasema, “Tangu siku hiyo, nikimwona panya aliyekufa nyumbani, simwoni panya. Namwona dada.”

Alasiri ile ile alikuja mhudumu wa afya wa kijiji, mzee mmoja mwenye baiskeli. Alikuwa amesikia kwamba kwetu panya wamekufa. Nilimwamkia, nikamweleza yote kwa haya. Aliniuliza, “Kijana, wewe unasoma sekondari. Kiroboto akifiwa na panya wake, huenda wapi?” Sikuwa na jibu. Akasema, “Huenda kwa mtu aliye karibu. Tena umetuharibia alama. Panya wakifa bila sumu, sisi hujua kuna hatari, tukaja upesi. Sasa umewaua kwa sumu, tutajuaje kama wote walikufa kwa sumu yako?”

Hapa sharti nieleze ugonjwa wenyewe, maana wanafunzi wengi wautajapo hudhani ni jambo la vitabu vya historia ya Ulaya. Ugonjwa huo ni tauni. Waletao tauni ni bakteria, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Alexandre Yersin alivigundua katika mji wa Hong Kong mwaka 1894, na hata leo vimeitwa kwa jina lake. Miaka minne baadaye, 1898, Paul-Louis Simond alionyesha huko Karachi kwamba kiroboto ndiye mchukuzi wa ugonjwa kutoka kwa panya. Kiroboto humnyonya panya mgonjwa. Panya akifa, mwili wake hupoa, na kiroboto hapendi mwili wa baridi. Basi huruka kutafuta damu yenye joto. Akimpata panya mwingine, humuuma huyo. Asipompata, humuuma mtu aliyelala sakafuni.

Tauni haikwisha duniani. Imeonekana katika miaka yetu hii huko Madagaska, katika jimbo la Ituri upande wa pili wa mpaka wetu, na kwetu pia. Wataalamu waliochunguza nchi yetu ya magharibi ya Nile waliona kwamba hatari ni kubwa zaidi milimani, katika miinuko ipitayo mita 1,300 juu ya bahari, kuliko kule chini penye joto. Kijiji chetu ki juu ya kipimo hicho. Ndiyo sababu huko kwetu watu wamefundishwa kutoa habari kila waonapo panya waliokufa ovyo, ili nyumba zipulizwe dawa ya viroboto kabla mtu hajaugua. Panya aangukaye ni kama kengele ya hatari. Mimi nilikuwa nimeipiga kengele hiyo bure, na tena nilimtia mdogo wangu katika hatari ya kweli kama ingalikuwa si bure.

Dalili za tauni huanza baada ya siku moja hadi saba tangu mtu kuumwa. Kwa hiyo mzee yule alituambia tungoje siku saba na kumwangalia mtoto. Nyumba ilipulizwa dawa. Kila asubuhi na kila jioni nilimshika mdogo wangu paji la uso, nikamwuliza kama ana maumivu kwapani, shingoni au penye paja. Yeye alidhani ni mchezo, akacheka. Siku ya tano alisema kichwa chauma, nami nikamkimbiza zahanati kwa miguu yangu miwili, maili nne, yeye yu mgongoni. Mganga akampima, akasema ni jua tu na kucheza kupita kiasi. Siku ya saba ilipita. Hakuugua. Lakini katika siku zile saba nilijifunza zaidi kuliko nilivyojifunza katika muhula mzima, na siku ya nane nilianza kazi ambayo ningaliifanya siku ya kwanza.

Sasa nitaeleza kazi hiyo kwa utaratibu. Neno kubwa ni hili: kuua panya si sawa na kuwazuia. Ukiua kumi na nyumba ikabaki wazi, na chakula kikabaki sakafuni, wengine kumi watakuja kushika nafasi yao. Panya jike hubeba mimba kwa muda wa majuma matatu tu, huzaa watoto watano, sita au zaidi, nao watoto hao huwa tayari kuzaa wakiwa na umri wa miezi mitatu hivi. Hesabu mwenyewe: mume na mke walioingia Desemba waweza kuwa na wajukuu kabla ya mwisho wa Aprili. Hakuna mtego utakaoshinda hesabu hiyo. Kinachoishinda ni njaa na mlango uliofungwa.

Kwanza, chakula. Hili ndilo la kwanza kwa sababu halina gharama kubwa. Tulitoa vyakula vyote katika chumba cha kulala. Watu wengi kwetu huweka mazao chini ya kitanda kwa kuogopa wezi, lakini wawekapo mazao pale humwalika panya alale nao, na panya huja na viroboto wake. Karanga zilizobaki tulizitia katika madebe yenye vifuniko vya kubana, na maharagwe tuliyatia katika jerikeni kavu na kuzifunga kwa vizibo vyake. Gunia si kinga. Meno ya mbele ya panya hayakomi kukua maisha yake yote, basi hutafuna kila siku ili ayapunguze, na gunia kwake ni kama karatasi. Kapu pia ni hivyo hivyo. Plastiki nene humchelewesha, bati humshinda. Kadhalika tulianza kuosha vyombo usiku ule ule badala ya kuviacha hata asubuhi, kufagia makombo jikoni, na kufunika mtungi wa maji. Chakula cha kuku hakikuachwa nje baada ya jua kuzama.

Pili, matundu. Shuleni kila mwaka tunaandika insha juu ya methali isemayo, “Usipoziba ufa utajenga ukuta.” Nimeiandika mara tatu, na mara moja nilipata alama nzuri sana. Hata siku moja sikupata kuutazama ufa wenyewe wa nyumba yetu. Safari hii niliingia ndani mchana, nikafunga mlango na dirisha, nikangoja macho yazoee giza. Kila mahali palipopenya nuru palikuwa na tundu. Nilihesabu 23. Wengine watasema, tundu dogo si kitu. Lakini tundu la upana wa penseli latosha panya mdogo kupita, na lenye upana wa sentimita moja na robo hivi latosha panya mkubwa, kwa maana kichwa kikipita mwili nao hupita.

Tena nilinyunyiza majivu sakafuni kando ya kuta kabla ya kulala. Asubuhi nyayo zao zilikuwa zimeandikwa katika majivu kama barua, nami nikasoma walikotoka na walikokwenda. Panya hapendi kupita katikati ya chumba. Hufuata ukuta, na apitapo kila siku mwili wake huacha alama ya mafuta, nyeusi, penye ukuta na penye miti ya paa. Kwa alama hizo nilipata njia mbili ambazo nuru haikunionyesha.

Kuziba tundu kwa udongo mtupu ni kazi ya usiku mmoja, maana panya huuchimba tena. Mimi nilijaza kwanza vijiwe na waya wa kusugulia sufuria, nikavishindilia sana, ndipo nikapaka udongo wa kichuguu juu yake. Aliye na saruji atumie saruji. Chini ya mlango palikuwa na nafasi ya vidole viwili. Nilipigilia kipande cha bati kutoka debe kuukuu, hata kikakaribia kugusa kizingiti. Sehemu ngumu ni ile ya juu, ukuta unapokutana na paa la nyasi. Panya wa nyumbani kwetu ni mpandaji hodari, na paa ndilo kijiji chake. Dawa bora ni wavu wa waya wenye macho madogo kuliko upana wa penseli. Fedha hatukuwa nazo, basi tulijaza nafasi hiyo kwa mawe na udongo, tukaacha dirisha liwe njia ya hewa na kulitia wavu kiasi tulichoweza kununua. Sisemi kwamba paa la nyasi laweza kuzibwa lote. Haliwezi. Lakini panya anayelala paani bila kupata njia ya kushuka penye chakula hakai sana.

Tatu, kiwanja. Nilifyeka nyasi kuizunguka nyumba kwa upana wa hatua tatu, kwa kuwa panya huogopa kuvuka mahali peupe ambapo bundi na mwewe humwona. Kuni zilizokuwa zimeegemea ukuta nilizihamisha mbali, nikaziweka juu ya magogo. Takataka tulizifukia shimoni. Nilikata pia tawi la mwembe lililogusa paa, jambo lililomhuzunisha mdogo wangu, kwa kuwa lilikuwa ngazi yake vile vile.

Nne, ghala. Ghala letu la zamani lilisimama juu ya miguu mifupi, na panya walipanda kama wanafunzi wapandavyo bweni. Katika majuma mawili baba mdogo alinisaidia kujenga jingine, ambalo sakafu yake i juu ya ardhi zaidi ya mita moja, ili panya asiweze kuruka na kufika. Kila mguu tuliuvika kofia ya bati yenye umbo la mwavuli uliofunguliwa, ukingo wake ukiangalia chini. Panya apandapo mguu hufika chini ya kofia ile, akakuta dari lisilo na mahali pa kushika, akarudi. Tulilijenga mbali na miti na nyumba. Jambo moja la kukumbuka: ngazi iondolewe kila baada ya kazi. Ukiiacha usiku kucha, kofia zako zote nne ni mapambo tu.

Tano, mitego. Mtego hufaa baada ya kazi hizo nne, si kabla, na wakati ambapo hakuna dalili ya panya kufa ovyo. Nilinunua mitego minne ya kubana. Mtego uwekwe kando ya ukuta, mahali panapopita nyayo, na upande wa chambo uelekee ukutani. Panya mkubwa huogopa kitu kipya. Kwa hiyo weka mtego wenye chambo bila kuutega kwa siku tatu au nne, ale na kuzoea, kisha utege. Karanga iliyopondwa ni chambo bora kuliko nyama. Aliyenaswa asishikwe kwa mkono. Mimi nilimchukua pamoja na mtego wake kwa fimbo yenye ndoano, nikamtumbukiza katika ndoo ya maji ya sabuni ili viroboto wafe, ndipo nikamfukia. Kinyesi chake nacho kisifagiliwe kikiwa kikavu, kwani vumbi lake hupanda puani. Kilowanishe kwanza kwa maji ya sabuni au ya klorini, kipanguse kwa kitambaa, kisha unawe mikono.

Watu huniuliza habari za paka. Paka ni rafiki, na harufu yake tu huwatia panya hofu. Lakini katika nchi ya tauni paka aweza kuambukizwa na panya, akamwambukiza mtu. Basi paka na awinde, ila asilale kitandani pamoja na watoto, na akiugua ghafula asibebwe. Bundi naye hula panya wengi usiku, bila mshahara. Kwetu watu humfukuza kwa mawe wakisema ni ndege wa wachawi. Kwa maoni yangu, anayemfukuza bundi huwasaidia panya.

Na sumu? Sisemi kwamba sumu isitumike kamwe. Nasema isiwe ya kwanza, wala isiwe ile isiyo na jina. Sumu nyingi za panya zilizo halali hufanya kazi kwa kuizuia damu isigande, na panya hufa baada ya siku kadhaa. Sumu ya namna hiyo iitwayo warfarini ilianza kutumiwa mwaka 1948, na watu walishangilia wakidhani vita vimekwisha. Mwaka 1958 huko Uskoti walionekana panya ambao haikuwadhuru tena. Panya hujifunza, na wanaosalia huzaa. Lakini kuku, paka na mtoto mchanga atambaaye hawapati nafasi ya kujifunza. Mimi nililipa kuku mmoja kwa ajili ya paka wa jirani, nikaona ni nafuu.

Sasa nimefika kwenye neno ambalo ndilo lililonifanya niandike. Ukiona panya wamekufa nyumbani au kiwanjani, nawe hukuwategea wala kuwatilia sumu, usifanye kama nilivyofanya. Usiwaguse. Waondoe watoto, kuku na paka. Mpe habari mhudumu wa afya au zahanati siku ile ile. Usianze kuua panya wengine, kwa maana kila panya unayemwua wakati huo huwatuma viroboto wake kwenu. Utaratibu ni kuua viroboto kwanza, ndipo panya. Lala kitandani, si sakafuni, kama waweza. Na mtu yeyote akishikwa na homa ya ghafula, kutetemeka, kichwa kuuma na mwili kulegea, hasa akitokwa na mtoki wenye maumivu, apelekwe zahanati bila kungoja kesho na bila kupitia kwa mganga wa hirizi. Tauni ya mtoki isipotibiwa huua watu 30 hadi 60 katika kila 100 wanaoipata. Ikiingia mapafuni huambukiza wengine kwa kikohozi, na asiyetibiwa ni nadra sana kupona. Lakini ikitibiwa mapema kwa antibiotiki, wengi hupona. Dada wa bibi yangu hakupata dawa hiyo. Sisi tunayo, umbali wa maili nne.

Pengine mtauliza, je, kazi hii yote ilifaulu? Nilirudi shuleni Februari. Nilipokwenda nyumbani kwa likizo ya Mei, sikuuliza kitu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye madebe. Mbegu zilikuwa zimekwisha kupandwa zote, na katika debe la mwisho mlikuwa na karanga chache bibi alizoniwekea, nzima, bila alama ya jino. Majivu niliyonyunyiza usiku ule yalionyesha nyayo za panya mmoja tu, kutoka tundu jipya karibu na mlango. Nililiziba kabla ya chai. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba tumewashinda. Nyumba ya udongo hupasuka kila kiangazi, na kila kiangazi hutaka mtu wa kuitazama.

Nawaombeni ninyi wenzangu mnaokwenda likizo mwezi wa Desemba, msipoteze siku zote penye redio na mpira. Siku ya kwanza ingieni ndani ya nyumba ya wazee wenu mchana, fungeni mlango, mkahesabu nuru. Nanyi kaka zetu mliomaliza shule hii, ambao mna mishahara mijini, mnapowapelekea wazee wenu sukari na shuka, watieni pia madebe mawili yenye vifuniko na mita moja ya wavu wa waya. Ni zawadi isiyopendeza machoni. Lakini bibi yangu alipopokea wavu aliotumiwa na mmoja wenu, aliyesoma hapa miaka mingi iliyopita, aliukunja vizuri akauweka pamoja na nguo zake za kanisani hata siku tulipoupigilia.

Mdogo wangu sasa ana umri wa miaka kumi. Amekabidhiwa kazi ya majivu. Kila Jumamosi jioni huyanyunyiza, na kila Jumapili asubuhi huyasoma kabla hajanawa uso, kisha huja kutoa taarifa kama karani. Akikuta panya aliyekufa, hamgusi. Husimama mbali, huita kwa sauti kubwa, na kijiji kizima husikia.